Kwa Uhuru Wangu Kamili

Benchi letu lilikuwa la kanisa. Parokia iliponunua mabenchi mapya ya kung'aa, hili likatupwa nyuma ya jiko la mapadre, nami nikaliomba, nikapewa na hati ya kulitoa getini, nikalisukuma kwa mkokoteni wa kuazima mpaka mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Bado lina ule ubao wa kupigia magoti. Sisi hatupigi magoti. Ubao tunauwekea miguu na vikombe. Kahawa naichemsha mimi, kwenye jiko lile lile la mkaa ninalopashia gundi, na asiyependa harufu ya gundi akanywe kwake. Hapo, kila siku tangu saa sita na nusu hadi king'ora cha kiwanda cha dobi ng'ambo ya barabara kilie saa nane, utawakuta watu ambao kama maneno yangekuwa matofali, leo wangekuwa na ghorofa. Kuna Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote: alikuwa tarishi wa ofisi miaka ishirini na saba, akibeba mafaili asiyoruhusiwa kuyafungua, na sasa anaongea kana kwamba yote aliyaandika yeye. Kuna Breki, dereva wa lori ambaye breki zilimkatalia mteremkoni, akaruka, lori likaendelea peke yake. Tangu siku hiyo hajapewa gari wala hajanyamaza. Na kuna Katekista, ambaye ni katekista kweli, mtu wa shati lililonyooka na kalamu mfukoni. Mimi ndiye fundi. Kanisani nafika siku za maziko tu, na nakaa nyuma karibu na mlango.

Siku hiyo Katekista alikuwa ametoka kwenye semina. Ungemjua kwa bahasha ya kaki aliyoikumbatia kama mtoto mchanga.

— Jamani, mimi nimerudi mtu mwingine, akasema kabla hajaketi.

— Yule wa kwanza umemwacha wapi? Breki akamuuliza. Maana bado anadaiwa zamu ya sukari.

— Acha utani. Siku tatu tumefundishwa mafundisho ya jamii ya Kanisa. Mada yenyewe nzito: uhuru wa binadamu.

— Uhuru wa siku tatu? Waziri akashangaa.

— Siku ya kwanza ilikuwa ya kufungua semina.

— Na ya tatu ya kuifunga, nikasema mimi.

— Na katikati mlikula? Breki akauliza.

— Breki, mtu hataishi kwa mkate tu.

— Najua. Ndiyo maana nauliza kama kulikuwa na nyama.

Katekista akamtazama kwa huruma ile ya watu waliotoka semina. Akafungua bahasha, akatoa daftari, akakohoa.

— Watu wengi, akasoma, wanadhani uhuru ni kufanya unachotaka. Hapana. Binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na alama mojawapo ya mfano huo ni kwamba anaweza kulijua jema, akalichagua mwenyewe, na akawajibika kwa alichochagua. Huo ndio uhuru.

— Kwa hiyo uhuru ni kufanya unachotakiwa kufanya, akasema Breki.

— Si hivyo.

— Mbona huo tajiri wa lori alinipa kila siku? Alfajiri na mapema, napewa uhuru wa kupakia saruji.

— Breki, hili somo lina kina.

— Na mimi nina kiu. Fundi, mimina.

Nikamimina. Sijui kwa nini namiminia watu wa namna hii. Labda ni kwa sababu bila wao ningebaki nikiongea na viatu, na viatu angalau vina ulimi lakini havijibu.

Ndipo Mama Pacha akavuka barabara. Yeye ni mpiga pasi pale kwenye kiwanda cha dobi, mashuka ya hoteli na ya hospitali, na mikono yake ina alama za kuungua mpaka kwenye viwiko. Kahawa huinywa amesimama; anasema akiketi hatainuka tena. Siku hiyo hata kikombe hakuchukua.

— Katekista, afadhali nimekukuta. Nina karatasi yangu hapa, nisaidieni.

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara tatu, mikunjo imenyooka sawasawa. Mpiga pasi hata akikunja karatasi utamjua. Waziri akaidaka kabla haijamfikia Katekista, maana mambo ya karatasi anayaona ni urithi wake. Akatoa miwani yake ya kioo kimoja, akafungua mkunjo wa kwanza, akasoma kwa sauti ya redio:

— «Mimi niliyesaini hapa chini, nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu yeyote, nimekubali kwa uhuru wangu kamili kufanya kazi kila Jumapili, na nimekubali kwa uhuru wangu kamili kujitoa katika chama cha wafanyakazi.» Ebo! Kiswahili safi hiki. Huyu aliyeandika amesoma.

— Msimamizi anasema king'ora cha saa nane kikilia, anayerudi nayo imesainiwa aingie kazini. Asiyesaini asubiri nje, ataitwa.

— Ataitwa lini? nikauliza.

— Breki naye aliambiwa ataitwa, akasema Mama Pacha. Shemeji, huu mwaka wa ngapi?

Breki akaangalia kahawa yake.

— Naondoka nyumbani wanangu wamelala, narudi wamelala, akaendelea Mama Pacha. Jumapili tu ndiyo tunaonana macho kwa macho. Juzi Jumapili, mmoja ananichekea, namwona ana pengo. Namuuliza jino lako? Ananiambia, mama, mbona liling'oka zamani. Zamani! Mtoto wa miaka sita ananiambia zamani. Na chama ndicho kilichonisimamia nilipoungua mkono huu, wakataka kunitoa bila hata dawa. Sasa niambieni ninyi watu wazima. Nisaini au nisisaini?

Hebu lipime swali hilo. Linahitaji neno moja, au mawili ukiwa mtu wa adabu. Tulikuwa na zaidi ya nusu saa mbele yetu, na vichwa vinne. Tukaanza.

— Saini, akasema Waziri. Tena saini haraka. Hujui bahati yako. Wangapi mtaa huu wana uhuru ulioandikwa? Mimi nimefanya kazi ofisini, sikiliza nikuambie: bila karatasi mtu hata kufa hawezi. Atakufa, halafu ataulizwa cheti. Hapa imeandikwa uhuru kamili. Si nusu. Akiba haiozi, mama.

— Uhuru wa kufanya kazi kila Jumapili, Waziri?

— Uhuru ni uhuru. Mchagua jembe si mkulima.

— Methali hiyo haihusiki, akasema Katekista.

— Inahusika. Kuna kuchagua ndani yake.

Breki akaweka mguu juu ya ubao wa magoti, dalili kwamba anaanza mlima.

— Msimsikilize huyu mbeba mafaili. Uhuru ni kutokuwa na bosi, basi. Nitazameni mimi. Naamka ninapotaka.

— Unaamka mkeo akigonga sufuria, nikamwambia.

— Naenda ninapotaka.

— Kila siku unataka kuja hapa.

— Kwa sababu niko huru! Paka akiondoka, panya hutawala.

— Sasa wewe umejiita panya, akasema Waziri. Andika hiyo, fundi.

— Mama Pacha, itupe hiyo karatasi, njoo ukae hapa kwenye benchi. Utakuwa huru kama mimi.

— Na wanangu wale nini, shemeji? Benchi?

Hapo Breki akakumbuka kwamba kahawa yake imepoa.

Wakati huo ndipo akaja mwanamke mwingine kutoka ng'ambo. Sikuwahi kumwona pale kwetu. Gauni la buluu la kiwanda limelowa mpaka magotini, mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu, na mkononi kashika kiatu cha pili, soli imeachama kabisa.

— Hamjambo hapa. Fundi, nishonee hiki, tafadhali. Niko chumba cha maji, maji yameila gundi yote. Nikirudi mguu mtupu hawaniingizi. Getini wanataka viatu vya kufunika.

— Dakika tano, mama. Keti.

Akaketi ukingoni mwa benchi, akauweka mguu wake mtupu kwenye ubao, ukaacha alama ya maji. Nikakichukua kiatu. Ilikuwa kazi ya sindano moja na mishono kumi na miwili, naifanya nikiwa nimefumba macho. Lakini Waziri alikuwa ameshaanza kusema kwamba uhuru wa nchi nzima uko kwenye faili moja la kijani, yeye mwenyewe alilibeba kutoka chumba namba nne hadi chumba namba tisa, na likapotea njiani. Nani angeshona kiatu wakati huo?

— Likapotea mikononi mwako? nikamuuliza.

— Sikusema mikononi mwangu. Nimesema njiani.

— Ndiyo maana hatujaupata mpaka leo! akapiga kelele Breki. Ulikuwa kwapani kwa Waziri!

— Cheka. Chombo cha kuzama hakina usukani.

— Haya nisikilizeni, akasema Breki, na sasa alikuwa amesimama kabisa. Mimi nimefikiri. Unajua mtu aliye huru kuliko wote ni nani? Mfungwa.

— Astaghafiru! Waziri akashika kifua.

— Nimemaliza? Mfungwa halipi kodi ya nyumba. Hatafuti kazi. Analindwa usiku kama tajiri. Na Jumapili, Katekista nisahihishe, wewe huwa unakwenda kule gerezani kuwafundisha, Jumapili mfungwa anafanya kazi?

— Jumapili wanapumzika, Katekista akakubali kwa shida.

— Mnaona! Mfungwa anapumzika. Mama Pacha hapumziki. Sasa niambieni aliye gerezani ni nani.

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, Breki alikuwa amesema jambo la maana. Lakini mtu akiwa hajazoea jambo la maana halijui likimtoka, akalipita mbio kama lile lori lake.

— Na kuliko mfungwa, kuna maiti! Maiti hana bosi, hana Jumapili, hana mke.

— Maiti anahitaji kibali cha kuzikwa, akasema Waziri. Mimi nilikuwa navibeba.

Sitaki kujitoa hapa nionekane mwenye hekima. Na mimi nilikuwa na nadharia yangu, nikaitoa, nikiwanyooshea kile kiatu mmoja mmoja kama mwalimu na fimbo yake.

— Ninyi wote mnajidanganya. Watu hawautaki uhuru. Miaka thelathini nashona. Kila anayekuja namuuliza: mama, baba, unataka uzi mweusi au wa kahawia? Chagua. Hajapata kutokea hata mmoja aliyechagua. Wote wananitazama wananiuliza, wewe unaonaje, fundi? Binadamu ndivyo alivyo. Anataka aambiwe, halafu apate wa kumlaumu.

— Fundi, akasema yule mwanamke wa chumba cha maji. Kiatu.

— Nakuja nacho, mama.

Mama Pacha alikuwa bado amesimama. Akaitazama saa ya kiwanda juu ya geti, akamgeukia Katekista.

— Wewe ndiye uliyetoka kusoma. Hawa waache. Kanisa linasema nini juu ya karatasi hii?

Na hapa lazima nimpe Katekista haki yake, ingawa inaniuma. Aliufunga ule mdomo wa semina, akaliweka daftari chini, akaongea kama mtu.

— Linasema hivi, mama. Uhuru ni kitu kinachoweza kujeruhiwa. Njaa inaujeruhi. Woga unaujeruhi. Huwezi kumwekea mtu kisu shingoni halafu ukamwambia chagua, halafu akishachagua ukasema amekubali. Mwenye kazi anayeitumia shida ya mfanyakazi wake ili akubali asichokitaka, huyo anatenda dhulma, hata kama karatasi imeandikwa vizuri namna gani. Kazi imewekwa kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Jumapili ni ya Mungu na ya watoto wako. Na kuungana na wenzako mjitetee ni haki yenu, hakuna wa kuwanyang'anya. Na tena, mama, hakuna uhuru bila ukweli. Mtu akilazimishwa kusema yuko huru, hapo ameporwa mara mbili.

Hata Waziri alivua miwani yake. Mimi mwenyewe, ambaye dini naifahamu kwa viatu vya waumini tu, nilisisimka mwili. Nikafikiri: kumbe ndani ya ile bahasha kulikuwa na kitu.

Mama Pacha alikuwa analengwa na machozi.

— Basi umenijibu. Asante. Sitasaini. Sasa nakuomba jambo moja tu. Msimamizi ni mwanakwaya wako, anakuheshimu kuliko mtu yeyote. Twende wote pale getini, ukamwambie maneno haya haya.

Katekista akaliokota daftari.

— Aa. Unajua, mama… mimi ni mwalimu wa imani. Mambo ya kiwanda yana wenyewe. Halafu kuna kanuni nyingine tulifundishwa siku ya pili. Inaitwa kanuni ya auni. Inasema jambo ambalo mdogo anaweza kulifanya mwenyewe, mkubwa asiliingilie.

— Mdogo hapa ni nani?

— Ni wewe, mama.

— Mungu wangu, nikasema.

— Ni kwa heshima yako! Kanisa halitaki kukumeza. Wewe una dhamiri. Dhamiri yako itakuongoza.

— Penye wengi pana Mungu, akaongeza Waziri, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mwanamke wa chumba cha maji akanyoosha mkono.

— Naomba niione hiyo karatasi. Sisi wa majini tulipewa wiki iliyopita. Nilisaini pale pale getini juu ya mgongo wa mwenzangu, mikono imelowa, wino ukasambaa. Hata kusoma sikusoma. Nataka nijue nilikubali nini.

Waziri akampa. Mwanamke akafungua mkunjo wa kwanza, akasoma taratibu, kidole kikifuata maneno. Akafungua wa pili. Akafungua na wa tatu, ambao Waziri hakuufikia. Miaka ishirini na saba ya kubeba yaliyofungwa haimwachi mtu hivi hivi.

— Ndiyo hii, akasema. Na hii nayo imeshasainiwa huku chini kama yangu.

— Hiyo ya chini nilidhani ni ya bosi, akasema Mama Pacha.

— Hapana. Imeandikwa shahidi. «Mimi shahidi ninathibitisha kwamba nimemwona mhusika kwa macho yangu akikubali kwa uhuru wake kamili.»

Nikainama nitazame. Palikuwa na kialama cha msalaba, kisha herufi zimebanana, kisha mkia mrefu unaorudi chini ya jina na kupinda. Mkia ule naufahamu. Nikageuka, nikaitazama ile hati ya kulitoa benchi, ambayo mpaka leo inaning'inia kwenye msumari ndani ya kibanda changu. Msalaba, herufi, mkia.

— Katekista, nikasema. Hii saini si yako?

Alikuwa anatia daftari ndani ya bahasha, na bahasha ikawa haitaki kufunguka.

— Ni utaratibu tu, akasema.

— Utaratibu gani?

— Msimamizi alinijia baada ya Misa, na bunda la karatasi. Zilikuwa tupu! Hazikuwa na majina. Akasema wanahitaji mtu mwaminifu, anayeaminika na watu, awe shahidi. Ni watu wema, fundi, wewe hujui. Vitambaa vyote vya altare wanatufulia wao. Kanzu za watumishi. Kila wiki, bure, na pasi juu. Ningemkataliaje?

— Pasi napiga mimi, akasema Mama Pacha. Alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe. Vile vya lesi. Msimamizi huniletea jioni, watu wakishaondoka. Anasema ni vya Mungu, nisiandike muda.

— Kwa hiyo na wewe, Katekista, akasema Breki, ulisaini kwa uhuru wako kamili.

— Breki, nyamaza.

— Mimi nimeuliza tu.

— Nilifanya kwa nia njema! Katekista sauti ilimpanda. Nilijua ni watu wazima, wana akili zao. Nilijua hakuna atakayesaini asichokitaka! Karatasi yenyewe si imeandikwa kwamba hawakushurutishwa?

Yule mwanamke wa chumba cha maji angepiga kelele, tungemsaidia. Angelia tungemsaidia pia, maana sisi ni mabingwa wa kumpigapiga mtu bega. Lakini yeye hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama Katekista uso wote, kama mtu anayejaribu kukumbuka walikutana msibani au sokoni.

— Samahani, mwalimu, akasema. Mimi leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukutia machoni. Uliniona wapi?

Katekista akafungua mdomo.

— Nauliza kwa wema tu. Hapa umeandika uliniona kwa macho yako nikikubali. Wapi?

Nikamngoja Waziri, ambaye ana jibu la kila kitu hata kabla ya swali. Alikuwa anafuta kile kioo chake kimoja. Nikamngoja Breki alete maiti wake. Breki aliangalia ndani ya kikombe, akaona machicha, akaniangalia mimi. Nikainua birika, nikalitikisa. Lilikuwa limekauka. Magari yalipita, mkaa ukalia ndani ya jiko, na mwanamke yule akaendelea kumngoja Katekista kwa adabu yake ile ile, mguu mtupu juu ya ubao wa magoti.

King'ora kikalia.

Mama Pacha akaichukua karatasi, akaikunja kwa kufuata mikunjo yake, mara moja, mara mbili, mara tatu.

— Katekista, twende. Si mbali, ni kuvuka tu. Sikuombi uhubiri. Mwambie Msimamizi hukuniona, basi. Neno moja.

— Mama Pacha, mambo haya yana ngazi zake. Acha kwanza nimwone Paroko. Jumatatu nitakuwa nime…

— Jumatatu.

— Jumatatu asubuhi.

Akatugeukia sisi wengine.

— Waziri?

Waziri akasema goti lake linamsumbua, na getini pale mtu hawezi kwenda bila barua.

— Shemeji?

— Mimi wananijua vibaya pale, akasema Breki. Nitakuharibia.

— Fundi?

Nikamwambia nina kazi. Na kweli nilikuwa nayo, nilikuwa nimeishika mkononi.

Hakututukana. Ningependa angetutukana. Alimpa yule mwenzake mkono, akamwinua, wakavuka barabara pamoja, Mama Pacha na karatasi yake isiyosainiwa, yule mwingine akirukaruka kwa sababu lami saa nane inaunguza. Tuliwaona wakifika getini. Tulimwona mlinzi akipokea karatasi, akiigeuza, akiirudisha, kisha akiutazama ule mguu. Akawaonyesha wote wawili mahali pa kusimama, ukutani, kwenye jua. Geti likafungwa.

— Ataitwa, akasema Waziri.

Katekista alikuwa ameketi na bahasha yake magotini, miguu juu ya ule ubao. Benchi letu halina mlango wala kufuli, na hakuna mtu aliyetufunga kamba pale. Tuliendelea kukaa, wote wanne, kwa uhuru wetu kamili, tukiwatazama wale wanawake wawili ukutani. Kiatu cha yule mama nilikuwa bado nimekishika, na sindano sikuwa nimeitia hata uzi.